Viskomita hazikubaliani: tafuta chanzo kabla ya kulaumu kifaa

Viskomita ni kifaa cha kupima mnato, yaani jinsi kimiminika kinavyokataa kutiririka. Sampuli ni moja na chupa ni ileile, lakini viskomita ya kuzungusha inasoma 480, kapilari ya kioo (mrija mwembamba) inatoa 558, na kikombe cha kutiririsha, chenye tundu chini, hakiungi mkono upande wowote. Katika maabara nyingi hapo ndipo fundi anapoitwa, na mara nyingi fundi anaondoka bila kukuta kasoro. Msimamo wangu ni huu: viskomita zinapotofautiana, kwa kawaida kila moja imejibu sawasawa swali ililoulizwa, ila hazikuulizwa swali moja. Moja imepima kwa joto na kasi yake, nyingine kwa joto na kasi nyingine, ya tatu imeleta kizio tofauti kabisa. Kutatua tatizo ni kutafuta mahali maswali hayo yalipoachana njia.

Anza na mafuta sanifu

Usianze na sampuli yako. Chukua mafuta sanifu ya kupimia mnato, yale yanayokuja na cheti kinachoonyesha mnato wake kwa kila joto, uyapime kwenye vifaa vyote vinavyobishana. Mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni vimiminika vya Newton, yaani mnato wake haubadiliki ukizungusha taratibu au kwa kasi. Chagua yenye mnato ulio karibu na wa sampuli yako. Kuhakiki kifaa kwa mafuta mepesi kisha kupima gundi nzito hakuthibitishi chochote.

Jibu la hatua hii moja linagawa tatizo zima. Vifaa vikitofautiana hata kwenye mafuta sanifu, chanzo ni kifaa, joto au hesabu. Vikikubaliana kwenye mafuta sanifu na kuachana kwenye sampuli, vifaa viache vilivyo. Chanzo kimo ndani ya sampuli au namna unavyoishughulikia.

Angalizo kuhusu aina ya mafuta. Mafuta sanifu ya silikoni hayabadiliki sana kwa joto yakilinganishwa na ya madini. Hiyo ni sifa nzuri unapotaka kuhakiki spindeli (kijiti cha chuma kinachozungushwa ndani ya sampuli) au mota peke yake, lakini sifa hiyohiyo inaficha kosa la joto. Ukishuku joto, tumia mafuta ya madini, kwa sababu yatakuumbua mara moja. Isitoshe, silikoni hung'ang'ania vyombo, na mabaki kidogo yakiingia kwenye sampuli ya rangi huacha vishimo juu ya uso wake. Mafuta yaliyokwisha kutumika usiyarudishe kwenye chupa, hata yakionekana safi.

Dalili: tofauti ipo, na uwiano wake ni uleule kila mara

Tofauti isiyobadilika ni habari njema. Inamaanisha kuna namba moja isiyo mahali pake.

Mshukiwa wa kwanza ni kizio. Kapilari ya kioo na vikombe huendeshwa na uzito wa kimiminika chenyewe, kwa hiyo vinatoa mnato wa kinematiki, kwa mm²/s, ambayo ni sawa na sentistoki. Viskomita ya kuzungusha inapima nguvu ya kusokota, kwa hiyo inatoa mnato wa dainamiki, kwa mPa·s, ambayo ni sawa na sentipoizi. Kati ya hizo mbili kuna densiti: zidisha mnato wa kinematiki kwa densiti ya gramu kwa mililita upate wa dainamiki. Rudi kwenye namba za mwanzo. Ikiwa sampuli ile ni mafuta yenye densiti ya 0.86, basi 558 mara 0.86 ni 480. Hapakuwa na ugomvi wowote. Densiti yenyewe iwe ya joto lilelile la kipimo. Ile iliyoandikwa kwenye lebo aghalabu ni ya nyuzi 15 au 20 za Selsiasi. Viskomita za kutetema nazo zina mtego wake: nyingi hupima zao la mnato na densiti, na kama hujaingiza densiti kwenye kifaa, namba itakuwa nje kwa uwiano huo.

Mshukiwa wa pili, kwa viskomita za kuzungusha, ni namba ya spindeli iliyoingizwa. Kifaa hakioni spindeli uliyofunga. Ukifunga ya 3 na skrini ikabaki kwenye 2, kitazidisha kwa kigezo cha 2 bila kulalamika. Ukiwa hapo hapo, kagua chombo. Spindeli za diski na silinda zilirekebishwa kiwandani kwa bika la mililita 600, zile kubwa zikiwa na mguu wa kinga (fremu ya chuma inayoizunguka spindeli) umefungwa. Ukihamia kwenye chombo chembamba, ukuta unasogea karibu na spindeli, kimiminika kinabanwa zaidi na namba inapanda. Ukiondoa mguu wa kinga, namba inabadilika tena. Unaweza kutumia chombo kingine, mradi tu urekebishe upya kwa mafuta sanifu katika chombo hicho hicho na usikibadilishe tena. Spindeli izame hadi kwenye alama yake, si zaidi na si pungufu.

Na kama tofauti ni ndogo kabisa, chini ya nusu asilimia, na inajitokeza tu kati ya kapilari na vifaa vingine, fikiria mvutano wa dunia. Kapilari huendeshwa na uzito, na mvutano si sawa kila mahali: ni takriban 9.780 m/s² kwenye ikweta usawa wa bahari na 9.832 kwenye ncha za dunia. Namba maalumu ya kapilari iliyopimwa kiwandani mbali kaskazini inatakiwa kuzidishwa kwa uwiano wa mvutano wa kwako na wa kule. Wanaopima mafuta kwa usahihi wa juu hulazimika kuifanya hesabu hii. Wanaopima shampuu wanaweza kuiacha.

Dalili: asubuhi namba nyingine, mchana nyingine

Hili ni joto mpaka ithibitike vinginevyo. Watu wengi wanalijua, lakini wachache wanalipa uzito unaostahili. Gliserini safi ina mnato wa karibu mPa·s 1,410 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 25 imeshashuka chini ya 1,000. Nyuzi tano tu, na karibu theluthi ya mnato imeondoka. Mafuta ya madini hupoteza asilimia kadhaa kwa kila nyuzi moja, na yakiwa ya baridi hupoteza zaidi. Hata maji, ambayo hayana makuu, hutoka mPa·s 1.0016 kwa nyuzi 20 hadi karibu 0.89 kwa nyuzi 25.

Ndiyo maana kiwango cha ASTM D445 cha kapilari za kioo kinataka hodhi la joto lisipepesuke zaidi ya nyuzi 0.02 kati ya nyuzi 15 na 100. Linganisha na bika lililowekwa mezani chini ya kiyoyozi. Kulinganisha vifaa viwili hivyo bila kusawazisha joto ni kupoteza muda.

Kosa lililojificha ni kuamini joto la hodhi badala ya joto la sampuli. Kimiminika kizito hupitisha joto polepole, na sehemu ya katikati ya bika inaweza kuwa bado baridi wakati skrini ya hodhi inaonyesha nyuzi 25.0 kwa fahari. Weka kipimajoto ndani ya sampuli, kando ya spindeli. Spindeli nayo ni chuma kilichotoka kabatini. Itumbukize mapema ili ifikie joto la sampuli. Viskomita ya koni na sahani, ambayo sampuli hukaa kati ya koni na sahani bapa, hutumia sampuli ndogo inayosawazika upesi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kifaa hicho kutokubaliana na bika: chenyewe kimeshafika, bika bado liko njiani.

Joto likiwa sawa na namba bado zinarukaruka, tazama asilimia ya toki, yaani ile nguvu ya kusokota. Viskomita nyingi za kuzungusha zina usahihi wa asilimia 1 ya kipimo kizima, na kipimo kizima kinategemea spindeli na kasi uliyochagua. Tuseme kipimo kizima ni mPa·s 1,000, basi kosa linaloruhusiwa ni 10 popote ulipo. Ukisoma 800, kosa ni asilimia 1 na kidogo. Ukisoma 100, kosa lilelile limekuwa asilimia 10 ya jibu lako. Kwa hiyo usikubali namba iliyo chini ya asilimia 10 ya toki, na ukiweza kaa juu ya asilimia 50. Ukiona fundi wawili wanabishana juu ya tofauti ya asilimia 8, waulize kwanza toki ilikuwa ngapi.

Sawazisha kifaa kwa kiputo cha usawa, hakikisha sifuri kabla ya kufunga spindeli, na uikague ncha ya mhimili wa ndani. Kifaa kilichowahi kugongwa, au spindeli iliyofungwa kwa nguvu bila kushika shafti, huanza kukwama kidogo, na kukwama huko kunaonekana zaidi kwenye toki ndogo.

Dalili: mafuta sanifu sawa, sampuli mbalimbali

Hapa ndipo penye kazi halisi, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika kwa kudhani kwamba kila kimiminika kina mnato mmoja unaosubiri kupimwa.

Kimiminika kinapotiririka, matabaka yake huteleza moja juu ya jingine. Kasi ya mteleziko huo ikigawanywa kwa umbali kati ya matabaka ndiyo kasi ya mkato, na kizio chake ni moja kwa sekunde. Rangi, losheni, sosi ya nyanya, myeyusho wa polima na matope ya kuchimbia visima vyote hulegea kasi ya mkato inapoongezeka. Kwa hiyo vina mnato mwingi, mmoja kwa kila kasi. Kila aina ya viskomita inakaa kwenye kasi yake: spindeli inayozunguka polepole katika bika pana iko chini sana, kapilari iko juu zaidi, koni na sahani ziko popote unapoziweka, na kifaa cha kutetema kinakata kwa kasi kubwa kando ya kichwa chake.

Tuifanye kwa namba. Koni ya digrii 1 inatoa kasi ya mkato ya takriban 6 kwa sekunde kwa kila mzunguko mmoja kwa dakika. Ukiizungusha mara 1 kwa dakika uko kwenye 6. Ukiizungusha mara 10 uko kwenye 60. Chukua kimiminika kinachofuata kanuni ya kipeo, chenye kipeo cha 0.5, ambacho si cha ajabu kwa myeyusho wa gamu. Kasi ikiongezeka mara 10, mnato unapungua kwa kipeuo cha pili cha 10, yaani mara 3.16. Kifaa kilekile, sampuli ileile, joto lilelile: kwanza 3,000, halafu 950. Zote mbili ni sahihi. Sasa mtu mwingine akileta 1,700 kutoka kwenye bika lake, unamwambia amekosea wapi?

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi. Kwenye kifaa kimoja, pima kwa kasi nne au tano tofauti, kisha rudi chini kwa kasi zilezile. Mnato usipobadilika, sampuli ni ya Newton na tatizo liko kwingine. Ukibadilika, acha kulinganisha namba moja kwa moja. Chora mnato dhidi ya kasi ya mkato kwa kila kifaa kwenye karatasi moja ya logi. Vifaa vizima vitaweka alama zao kwenye mstari mmoja, kila kimoja sehemu yake, na ugomvi utakwisha pale pale.

Ugumu upo kwenye spindeli za diski ndani ya bika pana, kwa sababu kasi ya mkato hapo si moja: kando ya diski ni kubwa, karibu na ukuta wa bika ni ndogo mno. Namba yake ni nzuri kwa kulinganisha bechi na bechi, lakini haifai kuwekwa kwenye mchoro pamoja na koni. Kama kulinganisha ni lazima, hamia kwenye silinda mbili zenye mwanya mwembamba, ambazo kasi yake inahesabika.

Mikunjo ya kupanda na kushuka isipolingana, muda nao umeingia kwenye jibu. Ndiyo dalili inayofuata.

Dalili: namba inasogea huku unaitazama

Ikishuka taratibu kwa kasi isiyobadilika, sababu ya kwanza ni thiksotropia: muundo wa ndani unabomoka ukizungushwa na kujijenga upya ukiachwa. Sampuli iliyotikiswa dakika moja iliyopita haiwezi kulingana na iliyolala usiku kucha. Kuipenyeza kwenye mwanya wa koni peke yake ni kuibomoa, wakati spindeli iliyoshushwa taratibu kwenye bika inaukuta muundo ukiwa mzima. Panga historia moja kwa vifaa vyote: koroga kwa kasi fulani kwa muda fulani, acha itulie kwa muda fulani, kisha soma kwa sekunde ileile baada ya kuwasha mota. Muda wenyewe si hoja kubwa, mradi uwe mmoja kote.

Sababu nyingine ya kushuka ni sampuli kujipasha moto. Kimiminika kizito kikikatwa kwa kasi kubwa kwenye mwanya mwembamba hupata joto ambalo kipimajoto cha sahani hakilioni. Simamisha mota, subiri, anza tena. Namba ikirudi juu mara moja halafu ikashuka tena, shuku hilo. Thiksotropia na joto hufanana hapa, kwa hiyo rudia kwa kasi ndogo: joto la msuguano litatoweka, thiksotropia itabaki.

Ikipanda, tazama kingo. Kwenye koni na sahani kiyeyushi hukauka pembeni na kufanya ngozi. Kwenye bika, chembe nzito huzama hadi usawa wa spindeli. Gliserini inafanya kinyume: hunyonya unyevu wa hewa, na asilimia 1 tu ya maji huondoa karibu humusi ya mnato wake kwa nyuzi 20. Chupa iliyoachwa wazi kati ya kipimo cha kwanza na cha pili inatosha kuleta ubishi wa siku nzima.

Dalili: kimiminika chembamba kinakuwa kizito ukiongeza kasi

Maji au kiyeyushi chepesi kikipanda mnato kwa kasi kubwa kwenye silinda, mtiririko umeacha utulivu na kuanza kujiviringisha kwa mikondo ya duara inayoitwa ya Taylor. Nguvu inayotumika kuviringisha inasomwa kama mnato. Punguza mizunguko mpaka namba iache kutegemea kasi, au tumia mwanya mwembamba zaidi.

Dalili: koni na sahani peke yake iko nje

Mwanya kwanza. Kati ya ncha ya koni na sahani kuna makumi machache ya mikroni, na chuma hutanuka kikipashwa, kwa hiyo mwanya uwekwe ukiwa kwenye joto la kipimo. Ukiuweka kwa nyuzi 25 kisha ukapima kwa 60, umebadilisha kifaa. Sampuli ikipungua ukingoni namba inashuka. Ikizidi, inaongezeka kidogo. Chembe zilizomo ziwe ndogo kuliko mwanya angalau mara 5 hadi 10, la sivyo unapima chembe zikisagwa.

Kinachosumbua zaidi ni kuteleza ukutani. Kwenye emalshani (mafuta na maji yaliyochanganywa) na michanganyiko yenye chembe nyingi, tabaka jembamba la kimiminika kitupu hujitenga kando ya chuma laini na mchanganyiko wote huteleza juu yake. Namba inatoka ndogo mno. Kulithibitisha, pima kwa mianya miwili tofauti kwenye sahani mbili sambamba kwa kasi ileile ya mkato: majibu yakitofautiana, kuna kuteleza. Tumia sahani zenye uso wa kukwaruza, au spindeli ya mabawa.

Dalili: kapilari, mpira na vikombe havirudii jibu lake

Kapilari ikitofautiana na nafsi yake, ioshe. Uchafu usioonekana kwa macho hubana tundu na kushika matone kwenye balbu. Muda wa kutiririka uwe angalau sekunde 200 kwa kapilari nyingi za mkono. Chini ya hapo nguvu ya mwendo inaanza kula sehemu ya kani na hesabu rahisi inapotoka. Kapilari ya aina ya Ubbelohde haisumbuki na ujazo uliotia, ila ya aina ya Cannon-Fenske inasumbuka, na inahitaji kusimama wima kweli kweli. Mafuta meusi yanataka kapilari ya mtiririko wa kinyume, maana kwenye ya kawaida hutayaona yakipita mstari.

Viskomita ya mpira unaoanguka inadai densiti mbili, ya mpira na ya kimiminika, na mpira usiobeba viputo. Kikombe kinadai muda ulio ndani ya eneo lake. Kwa vikombe vya ISO 2431 ni takriban sekunde 30 hadi 100. Nje ya hapo badilisha kikombe. Jedwali la kugeuza sekunde kuwa mm²/s ni la vimiminika vya Newton, na rangi nyingi si za Newton.

Pale ambapo havitalingana kamwe

Sekunde za kikombe, vipimo vya Krebs (kizio cha mnato wa rangi) na mPa·s za bika kwa bidhaa inayolegea haviwezi kugeuzwa kwa jedwali la jumla. Kinachowezekana ni uhusiano wa bidhaa moja: chukua bechi kadhaa zinazoenea kutoka nyepesi hadi nzito kuliko kawaida, zipime kwa vifaa vyote viwili siku moja kwa joto moja, chora. Mstari utakaoupata ni wa bidhaa hiyo peke yake. Fomula ikibadilika, unachora upya.

Na kila namba inayotoka maabara iandikwe na mambo yake yote. "Mnato 480" haitoshi. Andika aina ya kifaa, spindeli au koni, mizunguko kwa dakika, asilimia ya toki, joto ndani ya sampuli, chombo, sampuli ilikorogwaje na ilitulia muda gani, na sekunde uliyosoma. Kwa mnunuzi na muuzaji wanaotumia vifaa tofauti, orodha hiyo iwekwe kwenye mkataba pamoja na kikomo cha mnato, kabla bechi ya kwanza haijapakiwa.